Rambirambi kwa Mtu Anayekunywa Kahawa

Benchi la kwa Dahir, mjini Migori, lilikuwa la kanisa kabla halijawa la kahawa. Kanisa lilinunua viti vya plastiki, benchi likatupwa nje, na Dahir, ambaye ni Mwislamu na hana ugomvi na mbao za dini yoyote, akalikokota mpaka mbele ya duka lake la vitambaa, akaweka jiko, birika na vikombe vidogo. Tangu hapo kila mtu ana mahali pake. Ncha ya kushoto, penye kivuli cha bati, ni pa Mwalimu Elkana, mstaafu, ambaye kijiwe kizima kinamwita Digrii kwa sababu ndiye peke yake aliye nayo. Katikati anakaa Mirumbe, jina la kazi Emsii, anayeongoza mazishi kutoka Isebania mpaka Rongo kwa kipaza sauti chake mwenyewe. Ncha ya kulia ni ya Ken, anayeitwa Karati kwa vile hununua dhahabu kwa wachimbaji wa Osiri na Masara, na huwezi kumwambia jambo asilipime kwanza. Kahawa ya Dahir ni chungu na haina haraka. Jumanne hiyo asubuhi Digrii alikuwa hajaigusa ya kwake, na wote waliona.

— Mzee, kahawa imekukosea nini? Dahir aliuliza.

— Hakuna.

— Hiyo hakuna ndiyo inakufanya uangalie simu kama imekutukana?

Elkana aliifunika simu kwa kofia. Alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa ya aibu kuisema mbele ya watu wazima. Wenzake waliohitimu naye chuo kikuu mwaka wa themanini na sita walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Jumamosi wangekutana Homa Bay, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, kuadhimisha miaka arobaini. Mwenyekiti wao, Metrine, alikuwa ametoa amri: kila mtu aandike maisha yake tangu ahitimu, alipo, na anachojivunia. Asiyeandika leo angeondolewa kwenye kundi, kwa sababu hatuwezi kuweka meza kwa watu ambao hatujui kama ni wazima.

— Si uandike tu, Karati alisema. Wewe ni mwalimu. Kuandika ni kazi yako.

— Niandike nini? Nilifundisha Jiografia, nikastaafu. Hiyo ni sentensi moja.

— Wenzako wameandika nini? Hebu soma tupime.

Elkana akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ile ya darasani, isiyo na upande.

— Huyu anasema: "Nimehudumu kama balozi katika nchi mbili. Kwa sasa nafuga nyuki."

— Balozi halafu nyuki? Karati alitikisa kichwa. Huyo kuna kitu alifanya huko nje. Mtu hatoki ubalozi akaenda moja kwa moja kwa nyuki.

— Huyu yuko Kanada. Ni profesa.

— Kanada wote wanaogesha wazee, Emsii alisema. Nimezika watu wa Kanada. Familia inasema profesa, lakini wakija wale wenzake wa huko, wote wanajua namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

— Na huyu ni mshauri wa mashirika matatu.

— Anashauri nini?

— Hajasema.

— Mshauri ni mtu amefutwa kazi akabaki na suti, Karati alisema. Hiyo andika, ni bure.

Dahir alicheka, lakini Elkana hakucheka. Kwa muda wote ambao amekuwa kwenye lile kundi hakuwahi kuandika neno. Alikuwa akituma dole gumba. Mtu akipata mjukuu, dole gumba. Mtu akinunua shamba la makadamia, dole gumba. Alikuwa anaogopa siku watakapomwuliza na yeye, na siku yenyewe ndiyo hii.

— Wote hao ni marafiki zako? Dahir aliuliza.

— Mmoja. Alikuwa. Simeon Orina.

— Yule mkurugenzi? Yule alikuwa kwa magazeti? Karati aligeuka mzima. Omera, ndugu yangu, wewe unajuana na Simeon Orina na unakunywa kahawa na sisi?

— Mwaka wa mwisho alikosa chumba, Elkana alisema. Akaja kwangu. Tulilala kitanda kimoja mzungu wa nne mwaka mzima, miguu yake kwa uso wangu. Suti ilikuwa moja. Sufuria moja. Wa kwanza kufika chumbani alikuwa anapika, na mwingine akifungua mlango hata salamu hakuna, unamwuliza tu: umekula? Kwa sababu siku zingine mwenzako alikuwa amekula kwa watu, na wewe unamaliza peke yako.

— Sasa imekuwaje mkaachana?

Elkana alichukua kikombe, akakizungusha, akakirudisha.

— Nilikuwa Nairobi kusahihisha mitihani. Nikasema wacha nimsalimie. Sikutaka kitu kwake, mjue hivyo. Nikakaa pale kwa katibu wake tangu asubuhi. Jioni akatoka. Akapita mbele yangu hivi, koti lake likanigusa goti. Akaniangalia usoni kabisa. Akapita.

— Yawa, jamani, alisema Karati polepole.

— Hukumwita? Dahir aliuliza.

— Nimwite nani? Mtu ambaye nimelala na miguu yake usoni, nimwite bwana mkurugenzi?

Dahir akaongeza makaa. Elkana alikuwa amelibeba jambo hilo miaka mingi. Lilimuuma leo kama siku ile, na alikasirika kwamba bado lilimuuma.

Ndipo Emsii alipokunjua mguu wake, akasimama, akarekebisha mkanda.

— Leta simu, alisema. Kueleza maisha ya mtu ni kazi yangu. Hakuna mtu kutoka hapa mpaka Homa Bay ameeleza maisha ya watu kunishinda. Karati, wewe vidole vyako ni vyepesi, andika. Digrii, wewe jibu tu ukiulizwa. Ulizaliwa wapi?

— Wanajua nilizaliwa.

— Kila mtu anaanza na kuzaliwa. Ukiruka hapo watu wanauliza ni nini mnaficha.

— Homa Bay. Kando ya ziwa.

— "Mwalimu Elkana Ogweno," Emsii alisema, na sauti yake ikashuka, ikapanuka, mpaka mama aliyekuwa akichagua kitenge dukani akatoka kusikiliza, "alizaliwa kando ya ziwa, Homa Bay, akiwa mtoto wa tatu. Alikuwa mtoto mtiifu." Ulikuwa mtiifu?

— Hapana.

— "Alikuwa mtoto mtiifu. Alisoma kwa shida, mpaka akajiunga na chuo kikuu, ambako alipendwa na wote."

— Mbona unasema alikuwa, alikuwa? Mimi niko.

— Ndiyo heshima, Digrii. Ukianza na mimi, mimi, mimi, watu wanasema huyu mzee ana majivuno. Mwache mtu mwingine akuseme.

Kusema kweli hapo Elkana alipata nafuu. Neno lililokuwa limemshinda tangu Jumapili lilikuwa hilo hilo, mimi. Sasa kumbe maisha yake yangeweza kuelezwa bila yeye kujitokeza. Aliegemea mbao za benchi na kumwacha Emsii afanye kazi.

— "Alifundisha Jiografia Homa Bay na hapa Migori kwa uaminifu. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mcheshi."

— Huyu? Mcheshi? Karati alisimamisha vidole.

— Wote huwa wacheshi, andika. "Alipenda kahawa na mazungumzo. Ameacha pengo kubwa."

— Pengo gani sasa?

— Shule ilileta mwalimu mwingine wa Jiografia?

— Hawajaleta mpaka leo.

— Basi ni pengo. "Ameacha pengo kubwa ambalo halijazibwa. Sisi tuliokaa naye mpaka mwisho tunasema: Mwalimu, umevipiga vita vizuri." Nukta.

Picha nayo ikahitajika. Elkana alikuwa na moja tu nzuri, ile ya suti, aliyopiga studio alipokuwa akistaafu. Karati akaona imepauka, akaiwekea fremu ya maua meupe ambayo simu yake ilikuwa nayo tayari. Wakaitazama wote wanne, wakakubaliana imetulia. Elkana akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, ikaenda.

Huku kwetu, maisha ya mtu husomwa mbele ya watu mara moja tu, naye mwenyewe huwa amelala sandukuni. Hakuna mtu pale kijiweni aliyewahi kusikia yakisomwa namna nyingine. Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu.

Elkana alizima simu kuokoa chaji, akaenda zake nyumbani akiwa mwepesi. Jumatano alifika kijiweni mapema kuliko Dahir. Alikuwa ameketi kwenye ncha yake na simu ameishika kwa mikono yote miwili.

— Emsii, alisema, nimekufa.

— Umeamka vibaya?

— Nimekufa kwenye kundi. Soma.

Karati ndiye aliyechukua simu. Akasoma, akapandisha juu, akasoma tena, na jinsi alivyokuwa akisoma ndivyo alivyokuwa akisogea mbali na Elkana, kidogo kidogo, bila kukusudia.

— "Poleni sana kwa familia inayotumia simu ya marehemu." Hii ndiyo ya kwanza. Wanafikiri ni watoto wako wameandika. Digrii, wamelia hawa! Huyu Metrine anasema: "Nimekaa chini sakafuni jikoni. Elkana ndiye alinifundisha kusoma ramani. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nimefunga sanduku niende nyumbani."

— Ni kweli, Elkana alisema. Alikuwa anaishika juu chini.

— Balozi wa nyuki anasema: "Chuo kilipofungwa ghafla sikuwa na pa kwenda. Alinipeleka kwao Homa Bay, nikala omena kwa mama yake mpaka kikafunguliwa. Sikuwahi kusema asante." Na wa Kanada... yawa. Wa Kanada anasema tasnifu yake, sehemu ambazo zilisifiwa, wewe ndiye uliandika.

— Si zote, Elkana alisema.

Aliinamisha kichwa. Macho yalikuwa yamemjaa na hakutaka yafutwe na mtu. Aliona raha, na aliionea haya ile raha, maana watu walikuwa wakilia kwa ajili ya mtu aliyekunywa chai na mandazi mawili asubuhi hiyo.

— Na mama watoto anajua? Dahir aliuliza.

— Nilimwambia jana usiku, nilipowasha simu. Rael akaniuliza kama marehemu bado anakula chakula cha jioni ama aitoe kwa paka.

— Wallahi hii ni rahisi, Dahir alisema. Andika: niko hai.

Emsii akaweka kikombe chini.

— Hapana, alisema Emsii. Matapeli ndiyo wanaandika hivyo. Mtu akishatangazwa amekufa, halafu simu yake inasema niko hai? Kitu kinafuata hapo ni kuomba watu pesa. Watakutoa kwenye kundi haraka.

— Basi apige simu, wasikie sauti.

— Siku hizi sauti inatengenezwa na kompyuta, Karati alisema. Mimi naona hivi: aseme aliyekufa ni pacha wake.

— Sina pacha.

— Ndiyo maana hawajamwona. Anakuja Homa Bay Jumamosi kama pacha, anapokea pole, anakula, anarudi. Hakuna mtu ameumia.

— Pacha huyo amesoma wapi? Atawajuaje wote kwa majina?

— Pacha wanajua vitu vya wenzao. Hiyo ni sayansi.

— Ama tuzike yago, Emsii alisema. Si nyinyi Wajaluo mnazikanga lile tunda refu?

— Yago ni ya mtu ambaye mwili wake umepotea, Elkana alisema kwa uvumilivu wa mwalimu. Amezama ziwani hakupatikana. Mwili wangu uko hapa.

— Ndiyo nasema. Tunazika yago, wanatoa machozi yao, wanaenda. Halafu wewe unakuja polepole. Mwaka ujao. Unatuma dole gumba.

Karati alilipima hilo, akasema lina uzito. Dahir alisema hajawahi kuona watu wazima wakikimbia maneno mawili kiasi hicho. Akageuka kwa Elkana.

— Na wewe mwenyewe? Unatakaje?

Elkana alichukua simu kutoka kwa Karati. Alipitia majina tena, jina kwa jina, mpaka chini.

— Simeon hajasema kitu, alisema.

— Ee?

— Amesoma. Simu inaonyesha amesoma, tangu jana. Wote wamesema. Yeye kimya. Hasira ikampanda: Hata nikifa! Hata nikifa, Dahir, hasemi pole? Mtu wa kitanda kimoja?

— Pengine yuko bizi, Karati alijaribu.

— Mtu amekufa! Ubizi gani? Mwacheni. Mimi siandiki kitu. Nitakaa hivi hivi nimekufa mpaka Simeon aseme neno moja. Akisema, nafufuka papo hapo.

Hapo ndipo simu ilipolia. Metrine. Jina lake na picha yake vilijaa kioo kizima. Elkana aliiangalia kama sufuria iliyoungua. Marehemu hapokei simu, hilo alilijua. Aliitupa kwenye mapaja ya Emsii, na Emsii, ambaye maisha yake yote hajaacha simu ya msiba ilie mara tatu, akapokea.

— Halo. Ndiyo. Mimi ni msemaji wa familia.

— Wewe! Elkana alinong'ona.

— Ndiyo, mama. Tumeipokea kwa moyo mzito. Alikwenda vizuri, hakusumbua mtu. Mazishi? Akaangalia angani, mahali anapopataga tarehe. Jumamosi. Hapana, mama, usilie. Mkifika Migori msihangaike, ulizeni kijiweni kwa Dahir, kila mtu anapajua. Haya. Mungu awabariki.

Akakata. Akairudisha simu.

— Mimi nimefanya nini? aliuliza.

— Umewaalika, alisema Karati.

— Alikuwa analia, bana. Mtu akilia mimi natoa tarehe. Mdomo wenyewe unatoa.

Kufikia jioni Metrine alikuwa ametangaza: mkutano wa Homa Bay umeahirishwa, basi la kukodi litapitiliza moja kwa moja hadi Migori kumzika mwenzetu. Wakajibu wote kwamba watakuja. Wa Kanada alikuwa ameshatua Kisumu. Jina la Simeon halikuonekana. Alhamisi pia halikuonekana. Rael alisema kama kuna basi la watu linakuja basi msiba upo, awe mtu amekufa au hajafa, na akaenda sokoni kuagiza mchele na kuku.

Ijumaa asubuhi Elkana alikuwa ameamua ataandika leo, Simeon aseme au asiseme. Alikuwa ameanza mara nyingi na kufuta. Dahir alikuwa akiwamiminia mzunguko wa mwisho wa birika la kwanza wakati gari jeupe liliposimama ng'ambo ya barabara. Akashuka msichana, akafungua mlango wa nyuma, akamshika mkono mzee mrefu mwenye koti zuri na miwani mizito, yenye vioo vinene. Walivuka taratibu. Mzee alikuwa akitafuta ardhi kwa kiatu kabla ya kukanyaga.

— Hamjambo wazee, msichana alisema. Hapa ndipo kwa Dahir?

— Ndipo, alisema Dahir.

— Nimwache baba hapa kidogo na nyinyi, niende petroli stesheni nirudi. Macho yake si mazuri.

— Karibu, mzee. Karibu sana.

Msichana akaenda. Mzee akabaki amesimama, uso ameuelekeza kwenye harufu ya kahawa.

— Ahsante, alisema. Mimi naitwa Simeon Orina. Wengine wanakuja kesho na basi. Mimi nimeona nitangulie. Boma ya marehemu Elkana iko upande gani?

Karati alimwangalia Emsii, Emsii akaangalia viatu vyake. Elkana alikuwa ameganda na kikombe hewani. Sauti ile ilikuwa ile ile. Mtu alikuwa amezeeka, amekonda, amepotea ndani ya koti, lakini sauti haikuwa imefanywa kitu.

— Naona bado mko na uchungu, Simeon alisema. Poleni. Nilisikia alikuwa anakaa hapa na nyinyi.

— Alikuwa anakaa hapa, Dahir alisema, kwa maana huo haukuwa uongo.

— Mahali gani hasa?

— Hiyo ncha ya kushoto.

Simeon akanyoosha mkono akitafuta ubao. Elkana aliinuka haraka, bila sauti, akajisogeza kumsukuma Emsii, na Emsii akamsukuma Karati. Simeon akakaa mahali pa Elkana. Akapapasa mbao chini yake, ile sehemu iliyolainika kwa kukaliwa. Bega lake lilikuwa limegusana na la Elkana, na hakugeuka, maana kwenye benchi mabega hugusana. Dahir akainamisha birika mpaka tone la mwisho, akampa kikombe mkononi.

— Binti yangu ndiye hunisomea simu, Simeon alisema. Amenisomea yale maisha yake mlivyoyaandika. Nikamwambia asome tena. Wenzangu wote wameandika pole zao. Mimi nilimwambia mtoto andika, akaniuliza niandike nini baba, nikashindwa. Utamwambia mtoto wako akuandikie nini kama hicho? Ndiyo nikasema nije mwenyewe.

— Macho yalianza lini, mzee? aliuliza Emsii, kwa sauti ndogo, ya kwanza ndogo tangu wamjue.

— Zamani, nikiwa bado kazini. Nilificha. Nilikuwa naona mwanga na vivuli tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye gari nilikuwa nimeshakariri njia. Nawapita watu ofisini kwangu mwenyewe, wengine wamekuja kunitafuta, siwajui mpaka waseme. Wasiposema, napita. Wakaanza kusema nina maringo. Nikawaacha waseme. Mtu hafutwi kazi kwa maringo.

Karati alikohoa. Alikuwa ameshalipima jambo, na uzito wake ulimfanya amtazame Elkana mara moja na kuondoa macho. Elkana alikuwa ameshika goti lake, lile lililoguswa na koti. Alikuwa anakumbuka chumba kile cha katibu, kiti kile, na uso ule ulioelekezwa kwake wazi kabisa, na yeye, mwalimu mzima mwenye sauti ya kufika darasa la mwisho, akakaa kimya kwa hasira akingoja aonwe. Neno moja lingetosha. Alijionea uchungu, na akamwonea Simeon uchungu zaidi.

Simeon alikunywa kidogo, akakunja uso kwa ule uchungu wa kahawa, akashukuru.

— Nawauliza kitu kimoja tu, wazee wangu, kisha nitawaacha. Mmekaa naye hapa miaka. Aligeuza uso kwao wote, bila kumlenga hata mmoja. Alikuwa ananitaja?

Emsii, ambaye hajawahi kukosa neno la kumsemea marehemu, alikosa. Dahir aliangalia ndani ya birika, na humo pia hamkuwa na kitu. Walichosikia kuhusu Simeon Orina walikisikia wiki hii, na hakikuwa cha kumpa mgeni aliyetoka mbali na macho mabovu.

— Haidhuru, alisema Simeon. Ni sawa. Miaka mingi.

Akaanza kutafuta pa kuweka kikombe ili asimame. Mkono wake ulipapasa hewani, ukapapasa ubao, na Elkana akakipokea kikombe kutoka vidoleni mwake, akakiweka pembeni. Alijua kwamba akishafungua mdomo hakuna pacha, hakuna yago, hakuna msemaji wa familia.

— Simeon, alisema. Umekula?

Mkono wa Simeon ukasimama pale pale ulipokuwa. Hakugeuka. Kijiwe kizima kilimwona akisikiliza, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu anayengoja mlango uliofunguliwa ufungwe. Kisha ule mkono ukashuka polepole, ukatua kwenye goti la Elkana, ukalishika kwa nguvu, ukatulia hapo.

— Bado, alisema. Nilijua nitakula matangani kwako.